Ripoti za ukaguzi wa lifti: bidhaa adimu sokoni

Bei ya kabichi ya Lukozi hujulikana Kariakoo kabla lori halijamaliza kona za Soni. Simu moja inatosha. Mnunuzi anajua mzigo umetoka upande gani wa mlima, mvua ilinyesha lini, na malori mangapi yako nyuma yake. Mfanyabiashara yule yule, akishauza mzigo na kupanda ghorofani kununua viatu vya kurudi navyo Lushoto, huingia kwenye lifti asiyoifahamu hata kidogo. Hajui ilikaguliwa lini, nani aliikagua, wala mkaguzi aliandika nini. Taarifa hizo zipo. Zinapaswa kuwa zimeandikwa na kusainiwa, na kuna mtu aliyezilipia. Tatizo ni kwamba hazifiki sokoni.

Jambo hili laweza kuonekana ni la watu wa mjini. Lushoto ni mji wa nyumba fupi, na anayetaka kwenda juu huko hupanda mlima kwa miguu au kwa bodaboda. Lakini fedha za Usambara haziishii Usambara. Fedha ya karoti, viazi na matunda damu hugeuka vitenge, viatu na simu katika ghorofa za Kariakoo, na vitu hivyo hurudi mlimani kuuzwa kwenye magulio ya Soni, Mlalo na Lushoto. Wapo pia watu wa milimani waliopiga hatua zaidi, wakakodi fremu au stoo huko huko Dar es Salaam. Kwa hao, lifti ni sehemu ya biashara, sawa na lori na mzani.

Kuna kundi la tatu ambalo halijifikirii kuwa na lifti yoyote. Kwa miaka mingi watumishi wa halmashauri za wilaya, ile ya Lushoto ikiwamo, walikatwa mishahara yao kuchangia LAPF, mfuko wa pensheni wa serikali za mitaa. Mfuko huo uliwekeza katika majengo, na moja kati ya hayo ni Millennium Tower ya Makumbusho, Dar es Salaam. Mwaka 2018 LAPF iliunganishwa na mifuko ya PSPF, PPF na GEPF, ikazaliwa PSSSF. Mwishoni mwa mwaka 2022 lifti ya Millennium Tower ilipata ajali na watu kadhaa wakajeruhiwa. Karani wa Lushoto aliyekatwa mshahara wake kila mwezi alikuwa, kwa namna fulani, mmoja wa wenye lifti ile. Habari za ajali alizipata kama mtu mwingine yeyote, baada ya kutokea. Faili la ukaguzi halikuwa jambo la kupelekewa.

Kilichomo ndani ya ripoti

Watu wengi wakisikia "ukaguzi wa lifti" hufikiria cheti kilichobandikwa ukutani, chenye muhuri na tarehe. Cheti kina faida yake, lakini ni jibu la neno moja: imefaulu. Kwa mwenye kuweka fedha, kilicho na thamani ni ripoti iliyozaa cheti hicho, pamoja na ripoti zilizotangulia.

Mkaguzi anayefanya kazi yake sawasawa huanzia chumba cha mashine. Huangalia kamba za chuma kama zimepungua unene au zina nyuzi zilizokatika. Hujaribu breki kama inashika lifti ikiwa imebeba mzigo. Hukagua kidhibiti mwendo, yaani kile kifaa kinachohisi lifti inashuka kwa kasi isiyo ya kawaida na kuamuru vishikio vya dharura vibane reli. Vishikio hivyo ndivyo Elisha Otis alivyowaonyesha watu wa New York mwaka 1854, akisimama juu ya jukwaa lililoning'inizwa huku kamba ikikatwa, na ndivyo vilivyofanya majengo marefu yawezekane. Kisha mkaguzi hushuka hadi chini ya shimo kuangalia kama kuna maji, na kama vizuizi vya kupunguza kishindo viko sawa. Mwisho huangalia milango.

Hapo kwenye milango ndipo penye mambo mengi. Hofu ya watu ni kamba kukatika, lakini lifti ya abiria kwa kawaida huwa na kamba zaidi ya moja na vishikio vya akiba. Hatari iliyo karibu zaidi ni mlango wa ghorofani unaofunguka wakati lifti haipo, au lifti inayosogea mlango ukiwa bado wazi. Kufuli ya mlango ni kifaa kidogo na cha bei ndogo kulinganisha na mtambo mzima. Ndicho pia kinachoharibika upesi pale wabeba mizigo wanapozuia mlango kwa boksi au kwa mguu ili robota lipite. Yeyote aliyewahi kupakia mzigo katika jengo la maduka anaifahamu tabia hiyo.

Ripoti huonyesha vilevile uzito ulioruhusiwa. Lifti iliyotengenezwa kwa ajili ya watu 8 haikukusudiwa kupandisha marobota ya mitumba asubuhi hadi jioni. Ikifanyishwa kazi hiyo mwaka mzima, ripoti zitaonyesha: breki imelika, mlango umepinda, kamba imebadilishwa kabla ya wakati wake. Cheti hakitaonyesha hata kimoja kati ya hivyo, maana siku ya ukaguzi kila kitu huwa kimeshatengenezwa.

Hesabu ya mpangaji

Tuseme mfanyabiashara wa Lushoto amepata fremu ghorofa ya tatu kwa Sh 500,000 kwa mwezi, akatakiwa kulipa mwaka mzima mbele. Hiyo ni Sh milioni 6. Tuseme kilemba ni Sh milioni 4. Ameweka Sh milioni 10 kabla hajaweka kiatu kimoja kwenye rafu. Lifti ikisimama siku 20 katika mwaka, na kila siku akapandisha marobota 15 kwa wabeba mizigo wa ngazi kwa Sh 2,000 kila moja, ametoa Sh 600,000 ambazo hazikuwa kwenye hesabu yake. Hapo hatujagusa wateja waliotazama ngazi, wakageuka na kununua ghorofa ya chini.

Kodi ya mwezi mmoja na zaidi imepotea. Kama ripoti za miaka miwili iliyopita zingekuwa wazi na zikaonyesha lifti inayosimama mara kwa mara, mpangaji huyo angeomba punguzo la kodi, au angekwenda jengo la pili. Mwenye jengo la pili, anayetumia fedha nyingi kwa matengenezo, angelipwa kwa uangalifu wake. Kwa hali ilivyo sasa wote wawili hutoza kodi inayokaribiana, kwa sababu mpangaji hana njia ya kuwatofautisha. Mwenye kutunza anapata hasara na mwenye kupuuza anapata faida. Soko la namna hiyo, kwa lugha ya mtaani, ni la kuuziana mbuzi kwenye gunia.

Hayo ni ya fedha. Ya mwili hayana haja ya hesabu. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa nne lilianguka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20, wengi wakiwa watu waliokuwa kazini mwao. Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliunda tume ya kukagua majengo ya eneo hilo. Lile halikuwa suala la lifti. Lakini swali waliloulizana wapangaji wa majengo ya jirani wiki ile ndilo hili hili: jengo letu lilikaguliwa lini, na majibu ako nayo nani?

Karatasi kwa macho ya mkaguzi

Utaratibu wa kuandika ripoti si mgeni nchini. Sheria ya viwanda ya Uingereza ya mwaka 1937 ilitaka kila lifti ichunguzwe kikamilifu na mtu mwenye ujuzi angalau mara moja kila miezi 6, na ripoti yake iambatanishwe kwenye daftari kuu la kiwanda. Tanganyika ilipata sheria yake ya viwanda mwaka 1950, katika mapokeo hayo hayo. Boila, winchi na minyororo ya kunyanyulia navyo vilikuwa na zamu zao za kukaguliwa. Sheria hiyo ilidumu zaidi ya nusu karne, hadi ilipofutwa na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, ambayo inasimamiwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, ulioanzishwa mwaka 2001.

Katika historia yote hiyo, daftari lilikuwa la mwenye kiwanda, na aliyetarajiwa kulifungua ni mkaguzi wa Serikali. Mfanyakazi, mpangaji na mteja hawakuhesabiwa kuwa wasomaji. Mawazo hayo yalieleweka wakati lifti zilikuwa chache na nyingi zilikuwa za kiwanda, chini ya mwajiri mmoja. Leo lifti moja ya Kariakoo inabeba wafanyakazi wa waajiri wengi, wateja wasio na mwajiri, na mzigo wa mtu wa Mtae ambaye hajawahi kukutana na mwenye jengo.

Usambara yenyewe iliwahi kuwa na mtambo wa kunyanyulia uliosifika nje ya mipaka yake. Kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia, kampuni ya Wilkins & Wiese ilijenga njia ya kamba kutoka Mkumbara, kwenye reli ya Tanga, hadi Neu Hornow, juu huko Shume, kwa ajili ya kuteremsha magogo ya mierezi. Vifaa vilitoka kwa Adolf Bleichert wa Leipzig. Magogo yalining'inia juu ya mabonde ambayo hata mbuzi huyapita kwa shida. Mtambo ule ulikuwa na mwenyewe mmoja, mzigo wa mwenyewe mmoja, na hasara ya kamba kukatika ingekuwa ya mwenyewe huyo, ukiacha vibarua waliokuwa chini yake, ambao hakuna aliyekuwa na desturi ya kuwaonyesha daftari. Sheria za baadaye ziliwakumbuka vibarua kwa kuwaletea mkaguzi, na zikaishia hapo.

Mlango uliofunguliwa 2016

Mabadiliko yalikuja kwa mlango mwingine. Bunge lilipitisha Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya mwaka 2016, inayotumika Tanzania Bara. Chini ya sheria hiyo raia anaweza kuomba kwa maandishi taarifa iliyo mikononi mwa taasisi ya umma, na taasisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Ripoti ya ukaguzi iliyo OSHA ni taarifa iliyo mikononi mwa taasisi ya umma. Sheria haikuitaja lifti kwa jina, kama ambavyo haikutaja kitu kingine kwa jina, lakini hakuna haja ya kutajwa.

Hata hivyo sheria hiyo hiyo ina orodha ya taarifa zinazoweza kuzuiliwa, na mojawapo ni zile ambazo kuzitoa kutaathiri maslahi ya kibiashara ya aliye nazo au ya mtu mwingine. Mwenye jengo atakayeulizwa atakimbilia hapo. Atasema ripoti mbaya itamfukuzia wapangaji. Ni kweli itamfukuzia. Lakini maslahi ya kibiashara yanayostahili kulindwa ni kama mchanganyiko wa dawa ya kiwanda au bei aliyopewa na msambazaji wake. Kamba iliyolika si siri ya biashara. Ni kasoro ya bidhaa, na anayeinunua ni mpangaji.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Inasemwa kwamba ripoti zikiwa wazi, wenye majengo watawabana wakaguzi waandike mambo mepesi, na ukweli utabaki mdomoni. Hofu hiyo si ya kubeza, maana karatasi inaweza kusainiwa bila mtu kupanda chumba cha mashine. Lakini karatasi ya namna hiyo huishi vizuri zaidi gizani. Ikiwa jengo limepewa ripoti safi miaka mitatu mfululizo, na wapangaji wake wote wanajua lifti hulala mbovu kila mwezi, ripoti iliyo wazi itamuumbua aliyeisaini. Iliyofungiwa kabatini haimuumbui mtu.

Wafanyabiashara wanazo alama mbili za ukaguzi ambazo wameshazizoea. Mizani hukaguliwa na Wakala wa Vipimo na kuwekwa alama, na muuza viazi wa Lushoto anajua kuidai alama hiyo anapoona mzani unamla, kama anavyojua kubishana juu ya lumbesa. Basi la abiria nalo hubandikwa stika kwenye kioo cha mbele. Alama zote hizo zinaonekana bila kuomba ruhusa ya mtu. Hakuna aliyefunga biashara ya mabasi kwa sababu stika zinaonekana.

Kwingineko mambo yamekwenda mbali zaidi. New York, idara ya majengo ya jiji huweka kumbukumbu za lifti kwenye mtandao, na mtu yeyote akiandika anuani ya jengo anaona vifaa vilivyomo, tarehe za ukaguzi na makosa yaliyoandikwa, bila malipo. Hong Kong, ambako sheria mpya ya lifti ilianza kutumika Desemba 2012, kibali cha kutumia lifti lazima kibandikwe ndani ya lifti yenyewe, na Serikali hutangaza viwango vya utendaji vya makampuni yanayozitunza. Hilo la pili linafaa kutazamwa kwa makini hapa kwetu, kwa sababu lifti nyingi hutegemea kampuni ya matengenezo kuliko zinavyomtegemea mkaguzi. Mkaguzi huja kwa zamu. Fundi ndiye anayeitwa lifti inapogoma saa nne asubuhi siku ya soko.

Kazi ya kufanya sasa

Kusubiri OSHA iweke ripoti zote wazi ni kusubiri kwa muda. Wakati huo mikataba inaendelea kusainiwa. Anayekodi fremu ana nguvu siku moja tu, nayo ni ile kabla hajalipa kilemba. Siku hiyo anaweza kuomba nakala ya ripoti ya mwisho ya ukaguzi, pamoja na ile iliyotangulia. Moja peke yake haitoshi, kwa kuwa faida iko katika kulinganisha: kasoro iliyotajwa mara ya kwanza imetengenezwa, au imerudi? Aombe pia daftari la fundi linaloonyesha siku alizoitwa. Mwenye jengo akisema karatasi hizo ni za ofisini, hilo nalo ni jibu, na lina bei yake kwenye kodi. Na katika mkataba kuwe na kifungu kwamba lifti ikisimama zaidi ya siku kadhaa kwa mwezi, kodi ya ghorofa za juu inapungua. Wenye majengo hawatakipenda kifungu hicho, lakini wapangaji kumi wakikidai pamoja kitaandikwa.

Kwa wanaowekeza kwa pamoja, iwe ni SACCOS inayofikiria kununua jengo au wastaafu wanaotaka kujenga hosteli, ripoti za ukaguzi ziingie kwenye mezani pamoja na hati ya kiwanja na tathmini. Mthamini hupima kuta na mahali. Lifti iliyochoka anaweza kuihesabu kama lifti, na gharama ya kuibadilisha ikawadondokea wanachama mwaka wa pili.

Huko milimani, jambo hili linagusa viwanda vya chai kuliko majengo marefu. Boila na mitambo ya kubeba majani iko katika ukoo mmoja wa ukaguzi na lifti. Kiwanda cha Mponde, Bumbuli, kilisimama mwaka 2013 kutokana na mgogoro wa wakulima na mwekezaji, Serikali ikakichukua mwaka 2016, na baadaye mifuko ya PSSSF na WCF ikaingia kukifufua. Mtambo wowote unaolala miaka kadhaa na kuamshwa huacha maswali ambayo ripoti ya ukaguzi ndiyo huyajibu. Mkulima anayepeleka majani kiwandani hutegemea malipo ya kila mwezi, na boila ikisimama majani yake hayangoji. Mchangiaji wa pensheni hutegemea faida. Wote wawili wana sababu ya kuomba kuona ripoti, na wa pili ana sababu ya ziada, maana sehemu ya mtambo imenunuliwa kwa makato yake.

Ombi lenyewe si gumu. Linaandikwa kwa taasisi yenye taarifa, likiwa na jina na anuani ya mwombaji na maelezo ya kutosha ya kinachoombwa. Hapo kwenye maelezo ndipo wengi wanapokwama, wakaandika "ripoti za jengo lile la Mtaa wa Kongo" na kurudishiwa. Inafaa kutaja namba ya kiwanja, jina la mwenye jengo kama linafahamika, mwaka wa ukaguzi unaotakiwa, na namba iliyogongwa kwenye bamba dogo la chuma ndani ya lifti, ambapo mtengenezaji ameandika jina lake na uzito unaoruhusiwa. Bamba hilo kwa kawaida huwa karibu na vitufe, na mara nyingi limefunikwa na tangazo la duka.